Uzi: Aliyekugonga hana bima. Nani analipa?

1/
Msimu wa siasa ukifika, habari ya ajali hukosi kuisikia jukwaani. Mmoja anasema "tutawashughulikia madereva wasio na bima." Wa pili anasema "bima ni biashara ya matajiri, mwananchi atanyonywa hadi lini?" Wa tatu anaahidi bima rahisi ya bodaboda. Makofi, vigelegele, watu wanarudi nyumbani.

Swali moja huwa linabaki uwanjani: aliyekugonga akiwa hana bima, na mfukoni hana kitu, nani analipa hospitali?

2/
Kwa wageni: mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, na nyuzi hizi ni za kufafanua mambo yanayorushwa rushwa kwenye mijadala. Kanuni ni ile ile, hatutaji mwanasiasa wala chama. Ukileta majina kwenye majibu, nakupita tu.

Leo ni historia. Mwisho kabisa nitaweka mambo ya kufanya ili usibaki na mzigo wa mtu mwingine. Lakini soma historia kwanza, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini mzigo uko kwako.

3/
Tuanzie Uingereza, kwa sababu sheria yetu ya bima ya magari ilitoka huko.

Miaka ya 1920 magari yaliongezeka sana kwenye barabara za Uingereza, na ajali zikaongezeka nayo. Uligongwa, ukaenda kortini, ukashinda. Halafu? Dereva hana pesa. Hukumu unayo mkononi lakini hailipi daktari.

Bunge lao likapitisha sheria ya barabara ya 1930. Kuanzia 1931, hakuna kuendesha gari bila bima ya kumlipa mtu unayemwumiza. Hii ndiyo tunaita thadi pati. Wa kwanza ni wewe mwenye gari, wa pili ni kampuni ya bima, wa tatu ni yule uliyemgonga.

4/
Shikilia hapo, kwa sababu wengi huwa wanakosea hapa.

Thadi pati haikutungwa ili kukulinda wewe mwenye gari, wala gari lako. Ilitungwa kwa ajili ya mtu wa barabarani, yule ambaye hakusaini mkataba wowote na kampuni yoyote. Ni sera ya umma iliyopewa kampuni binafsi zitekeleze.

Kwa hivyo mtu akisema "bima ni biashara tu," amesema nusu. Dola ndiyo inakulazimisha ununue. Kitu ambacho dola inakulazimisha kununua, dola lazima ijibu maswali kikikosa kufanya kazi.

5/
Waingereza wakagundua tundu haraka. Kampuni zilikuwa zinakwepa kulipa kwa visingizio: mwenye gari alidanganya kwenye fomu, dereva hakufuata sharti fulani. Mwaka 1934 wakaongeza sheria nyingine: mtu akipata hukumu halali, kampuni inamlipa yeye kwanza, kisha inagombana na mteja wake baadaye.

Likabaki tundu la pili, lile kubwa. Je, kama hakuna bima kabisa?

6/
Kamati iliyotoa ripoti yake 1937 ilipendekeza uwepo mfuko wa kuwalipa watu wanaogongwa na magari yasiyo na bima. Vita vikaingia, mambo yakasimama.

Mwaka 1946 kampuni za bima na serikali yao zikakubaliana. Kukaundwa shirika moja, Motor Insurers' Bureau, linalochangiwa na kampuni zote za bima ya magari. Ukigongwa na mtu asiye na bima, shirika hilo linakulipa, halafu linamfuata yeye. Baadaye, mwaka 1969, ikawekwa rasmi hata kwa waliogongwa na gari lililotoroka lisijulikane ni la nani.

Pesa inatoka wapi? Kwa kila mwenye gari aliyelipa bima. Waaminifu wanabeba waliokwepa. Si haki kamili, lakini mtu aliyevunjika mguu halali njaa.

7/
Sasa Kenya.

Sheria yetu ya bima ya thadi pati, ile Sura ya 405, ilitungwa mwaka 1945, tukiwa bado koloni. Ukiisoma kando ya zile za Waingereza za 1930 na 1934, utaona ni ndugu wa toka nitoke. Bima ni lazima, cheti ni lazima, na kampuni lazima ilipe hukumu hata kama ina ugomvi na mteja wake.

Angalia tarehe. Sisi tulinakili 1945. Wao wakaziba tundu la wasio na bima 1946.

8/
Yaani tulichukua nguo kabla fundi hajamaliza kushona. Na tangu siku hiyo hatujairudisha kwa fundi.

Wakati ule huenda haikuonekana kama shida. Magari yalikuwa machache, na wengi waliokuwa nayo walikuwa walowezi, wafanyabiashara na serikali, watu wenye mali ya kushikwa na korti. Mwafrika katika hesabu hiyo alikuwa mtembea kwa miguu. Sheria haikuwahi kufikiria nchi ambapo dereva mwenyewe ni maskini kama yule anayemgonga.

9/
Nchi hiyo ilikuja, na ilikuja na matatu.

Matatu za mwanzo, zile za senti thelathini, yaani mapeni matatu, zilikuwa haramu. Askari alikuwa anazikamata kwa kubeba abiria bila leseni. Mwaka 1973 amri ya rais ikaziruhusu kubeba watu bila leseni ile ya magari ya abiria. Kisiasa ilikuwa hatua ya kupendwa: ajira kwa wananchi, usafiri mitaani ambako mabasi hayakufika.

Lakini leseni ndiyo iliyokuwa mlango wa ukaguzi. Ukitoa mlango, vyote vilivyokuwa vinakaguliwa pale vinapita bila kuangaliwa, bima ikiwemo.

10/
Miaka kumi na moja baadaye, 1984, Bunge likarekebisha sheria ya trafiki na kuzitambua matatu rasmi kama magari ya abiria. Leseni, ukaguzi wa gari, bima. Wenye matatu walilalamika gharama, na ukweli gharama zilipanda.

Ona mtindo hapa, maana utaurudia: dola inalegeza ili wananchi wapate riziki, ajali zinapanda, dola inakaza kwa mwenye gari. Aliyegongwa katikati ya 1973 na 1984 hakuwekwa kwenye sheria yoyote kati ya hizo mbili.

11/
Halafu likaja tatizo ambalo Waingereza wa 1930 nao walilijua: vipi gari likiwa na bima, lakini kampuni ya bima ndiyo imekufa?

Bima ya matatu ni biashara ngumu. Ajali ni nyingi, kesi ni nyingi, na wengine huleta madai ya uongo, abiria kumi na wanne wanakuwa ishirini na wawili mbele ya wakili. Kampuni nazo zinashindana kwa kushusha bei ili zipate wateja. Unachukua pesa kidogo leo, kesi zinakuja baada ya miaka mitatu, kwenye kibubu hakuna kitu.

12/
Kenya National Assurance, iliyoanzishwa na serikali 1964, ilifungwa 1996. United Insurance, iliyokuwa na magari mengi ya abiria, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005. Blue Shield ikafuata 2011. Na si hizo tu.

Ikifika hapo, msimamizi huenda kortini kuomba zuio: madai yasimame kwanza tuhesabu kilichobaki. Kwenye karatasi inaonekana sawa. Huku nje, mjane aliyeshinda kesi anaambiwa asubiri. Anasubiri mwaka, miwili, mitano.

13/
Na mwenye matatu naye? Alilipa bima yake kila mwezi, cheti kiko kwa kioo. Zuio likiisha au korti ikiamua halimlindi, hukumu inarudi kwa jina lake, kwa sababu kisheria mdaiwa wa kwanza ni yeye. Dalali anakuja kuchukua gari, au ng'ombe, au viti vya nyumba.

Kwa hivyo kuna aina mbili za "kukosa bima." Kuna aliyekataa kulipa. Kuna aliyelipa kampuni iliyokuwa maiti. Kwa wewe uliye wodini, hao wawili hawana tofauti.

14/
Serikali ilijibu. Kuanzia 2004 na 2005 tukapata mfuko wa kuwafidia wenye bima kampuni zikifilisika. Mwaka 2006 sheria ikaunda mamlaka huru ya kusimamia bima, IRA, badala ya idara ndani ya wizara.

Hatua nzuri, nazikubali. Lakini kikomo cha mfuko ule kwa miaka mingi kilijulikana kuwa KSh 250,000 kwa dai. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo, hiyo hata mwezi wa kwanza wa hospitali haimalizi. Na mfuko huo ni wa kampuni iliyokufa. Gari ambalo halikuwa na bima tangu mwanzo halihusiki.

15/
Mwaka 2006 pia kikaja kikomo kingine, na hiki wenye magari wengi hawakijui: kampuni ya bima ya thadi pati hailazimiki kulipa zaidi ya KSh milioni 3 kwa mtu mmoja.

Fanya hesabu. Umegonga mtu, korti inasema alipwe milioni 5. Kampuni inatoa 3. Milioni 2 inadaiwa nani? Wewe. Kwa hizo milioni 2 za juu, hata wewe uliyelipa bima unakuwa dereva asiye na bima.

Hoja ya kampuni ilikuwa kwamba bila kikomo zitaanguka zote. Baada ya kuona yaliyotokea 2005, si hoja ya kupuuza. Lakini ona mzigo ulihamishiwa wapi.

16/
Mwaka 2013 Bunge likapitisha marekebisho mengine, safari hii na jedwali: mkono ni kiasi hiki, jicho ni kiasi hiki. Mawakili wakaenda kortini wakisema hakimu ananyang'anywa kazi yake na majeruhi anapunjwa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikabatilisha vipengele kadhaa vya sheria hiyo.

Tulibishana miaka mitatu kuhusu kampuni ilipe kiasi gani. Kuhusu pale ambapo hakuna kampuni ya kulipa, kimya.

17/
Wakati huo huo barabara ilikuwa imebadilika tena. Bajeti ya 2007/2008 iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, chini ya 250cc, na bodaboda zikajaa nchi nzima. Ni hadithi ya 1973 tena: vijana wakapata kazi, mama mjamzito kijijini akapata usafiri wa usiku.

Kisheria pikipiki ni gari kama gari lingine, bima ni lazima. Lakini kijana aliyechukua boda kwa mkopo, kila siku anapeleka pesa ya mkopo, mafuta, chakula na msalaba wa trafiki. Bima ndiyo anayoiacha kwanza. Anayepanda nyuma haulizi. Ni nani kati yetu ameshawahi kuuliza?

18/
Halafu 2024. Mswada wa Fedha ulileta ushuru wa gari wa asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, si chini ya KSh 5,000 wala si zaidi ya 100,000. Na nani angeukusanya? Kampuni za bima, wakati unanunua bima.

Kampuni zenyewe zilipinga, zikisema watu watakimbia bima kubwa au waache kabisa. Pendekezo likaondolewa, na mwishowe mswada mzima ukaondolewa, mnajua yaliyotokea Juni ile.

Somo la kisiasa: ukifanya dirisha la bima liwe dirisha la ushuru, unaowaumiza si wenye magari peke yao. Kila gari linaloacha bima ni mtembea kwa miguu mmoja zaidi asiye na mtu wa kumlipa.

19/
Sasa unganisha nukta zote. 1945 tunalazimisha bima. 1973 tunalegeza, 1984 tunakaza. 2005 kampuni zinaanguka, tunaunda mfuko wa kampuni zilizoanguka. 2006 tunazilinda zilizobaki kwa kikomo. 2013 jedwali. 2024 ushuru.

Miaka themanini ya kurekebisha, na kila mara anayerekebishiwa ni mwenye gari au kampuni. Swali la 1946 halijawahi kujibiwa Kenya: aliyegongwa na asiye na bima, alipwe na nani? Sheria inamjibu: mshtaki dereva, upate unachoweza.

20/
Nasema hili nikilijua kwa karibu. Mjomba wangu aligongwa na Probox akivuka barabara ya kwao. Kioo kilikuwa na stika ya bima, ila ilikuwa imeisha wiki mbili nyuma. Dereva alitoa elfu tano papo hapo na ahadi nyingi.

Mguu ulifanyiwa upasuaji mara mbili. Familia ilichanga, kipande cha shamba kikauzwa. Kesi alishinda. Gari lilikuwa la mkopo na mkopeshaji akalichukua, dereva hana kitu kwa jina lake. Hukumu tunayo, iko kwa faili pale nyumbani, na muhuri wa korti.

Kwa hivyo nikisikia mtu jukwaani akisema "waende kortini," huwa nacheka kidogo.

21/
Sawa, basi ufanye nini? Hifadhi sehemu hii.

Kwanza jua thadi pati yako haikufanyii nini. Hailipi gari lako. Haikulipi wewe dereva. Na ile bima ya lazima ya Sura ya 405 ni ya kifo na majeraha tu, si ya mali: mtu akibomoa duka lako au gari lako, sheria hiyo haimlazimishi kuwa na bima ya hasara hiyo. Mikataba mingi huongeza mali, lakini kwa kikomo. Soma wako.

Pia, rafiki zako uliowabeba bure kwenye gari la kibinafsi hawako kwenye ulinzi ule wa lazima. Kuna nyongeza ya abiria unayoweza kununua. Uliza.

22/
Pili, ukiwa na gari lenye thamani kwako na uwezo upo, bima kubwa, ile komprihensivu, ndiyo inayokulinda na asiye na bima. Kampuni yako inatengeneza gari lako, kisha yenyewe inamtafuta aliyekugonga. Wewe utalipa tu ile sehemu ya kwanza iliyoandikwa kwenye mkataba.

Kama huna uwezo huo, hata bima ya ajali ya mtu binafsi ni kitu. Hiyo inakulipa wewe ukiumia, haijali nani alikosea, haijali kama alikuwa na stika. Haikuhitaji hata uwe na gari. Watembea kwa miguu na wapanda boda, hii ni yetu.

23/
Tatu, hospitali. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Una maoni yako kuihusu, nami nina yangu, huo ni uzi mwingine. Lakini jisajili na uwe umelipa kabla ya ajali. Siku ya ajali si siku ya kuanza kutafuta nenosiri.

Na ujue Katiba, Kifungu cha 43(2): hakuna mtu anayepaswa kunyimwa matibabu ya dharura. Kama ulikuwa kazini ulipogongwa, iwe ni kupeleka mizigo au kutumwa na bosi, kuna sheria ya fidia ya kazini ya 2007. Hapo mwajiri anahusika, awe dereva ana bima au hana.

24/
Nne, papo hapo barabarani ukiweza, au anayekusaidia aweze:
– Piga picha ya namba ya gari, cheti cha bima, na jinsi magari yalivyokaa.
– Chukua namba za simu za mashahidi. Mashahidi hupotea haraka kuliko dereva.
– Ripoti polisi, upate namba ya OB, baadaye abstrakti ya polisi na fomu ya P3.
– Weka kila risiti, hata ya krachi, hata ya teksi ya kwenda kliniki.
– Usisaini karatasi ya "tumeelewana" kando ya barabara. Hujui bado umeumia kiasi gani.

25/
Tano, mtafute mwenye gari, si dereva peke yake. Kwa ada ndogo NTSA itakuonyesha gari limesajiliwa kwa jina la nani. Dereva anaweza kuwa hana kitu, mwenye gari akawa na nyumba mbili za kukodisha. Kama alimtuma dereva kwa shughuli zake, anaweza kubeba deni.

Muda haukusubiri: kesi ya uzembe ina miaka 3. Ukigongwa na gari la serikali ni miezi 12 tu, na sheria inayasamehe magari hayo bima. Pia kampuni ya bima lazima ipewe notisi mapema kesi ikianza, la sivyo itakwepa kihalali. Mwulize wakili wako siku ya kwanza: notisi umepeleka?

26/
Sita, hii ni ya wenye magari. Hakikisha cheti chako ni halali kwenye mfumo wa kidijitali wa kampuni za bima, usimwamini wakala kwa sababu ya tabasamu. Usibebe abiria wa kulipa na bima ya kibinafsi. Ajali ikitokea, kampuni itaenda kortini kujitoa, na inaweza kufaulu.

Na ukiuza gari, hamisha usajili siku hiyo hiyo. Kisheria, aliyeandikwa ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kuna watu wanashtakiwa leo kwa magari waliyouza kitambo.

27/
Hayo ni ya mtu mmoja mmoja. Lakini ona: kila nilichotaja kinahitaji pesa au maarifa. Mama anayeuza mboga kando ya barabara hana vyote viwili, na ndiye anayegongwa. Nchi hii inapoteza watu zaidi ya 4,000 barabarani kila mwaka, na wengi wao ni watembea kwa miguu na watu wa pikipiki, wasio na bima kubwa ya chochote.

Ndiyo maana hili ni suala la siasa, si la ushauri wa pesa tu.

28/
Nchi zingine zimejaribu. Ghana ina mfuko wa fidia ya magari. Afrika Kusini inakata pesa kidogo kwa kila lita ya mafuta na kumlipa aliyeumia, awe dereva ana bima au hana. New Zealand, tangu 1974, imeondoa karibu kesi zote za majeraha ya ajali: ukiumia, mfuko wa taifa unakutunza.

Hakuna cha bure hapo. Mfuko wa Afrika Kusini umezama kwenye madeni ya mabilioni, na lawama za ubadhirifu haziishi. Sisi tunajua vizuri mfuko wa umma ukipata walaji unakuwaje. Hoja hiyo ni ya haki, na anayetaka mfuko lazima aijibu.

29/
Kwa hivyo mtu akija kwenye mkutano wenu na kusema atawashughulikia madereva wasio na bima, mpigie makofi ukitaka, halafu muulize haya:

– Ukimkamata dereva, aliyelala wodini anapata nini?
– Unataka mfuko? Nani anachangia: wenye bima, wanunuzi wa mafuta, au kodi?
– Nani atakagua vitabu vyake, na ripoti itawekwa wapi tuione?
– Kikomo cha milioni 3 kimekaa tangu 2006. Shilingi ya 2006 ndiyo ya leo?
– Bima ya boda utaifanyaje ilipike kwa siku kama mkopo unavyolipwa?

Akijibu matatu kati ya hayo bila kutukana mtu, msikilize.

30/
Uingereza ilichukua miaka kumi na tano tu kati ya kulazimisha bima na kumkumbuka aliyegongwa na asiye nayo. Sisi tuko mwaka wa themanini.

Maswali wekeni hapa chini, nitajibu usiku nikitoka maktaba. Na kama unajua mtu aliyegongwa majuzi, mtumie namba 24 na 25 leo, si kesho. Miaka mitatu inaisha haraka kuliko unavyodhani.